Pua Niliyomkopesha Baba

Kuna vijana hapa Bukoba wamefungua sehemu ya bia karibu na ufukwe. Wanapika bia ya ndizi wenyewe, wanaitia kwenye chupa za kahawia zenye lebo ya mgomba, na wanaiita bia ya krafti. Mara ya kwanza nilipoingia, mmoja wao aliniwekea glasi mbele, akainama, akaanza kunieleza polepole kama anayeongea na mgonjwa: kwamba hii si bia ya kiwandani, kwamba kila pipa lina ladha yake, kwamba ninuse kwanza kabla ya kunywa. Ninuse kwanza! Nilimwacha amalize. Mimi ni mwalimu, nimezoea kusomewa kitabu nilichokifundisha mwenyewe. Kisha nikanusa, nikarudisha glasi mezani, nikamwambia, "Mmewahi kuifunua. Ilitaka nusu siku zaidi. Na baadhi ya ndizi zenu hazikuiva sawasawa."

Akaenda nyuma, akarudi na mwenzake. Wakaniuliza nilisomea wapi mambo hayo. Nikawajibu kwamba nilisomea Muleba, nje ya ukuta wa majani makavu ya mgomba, nikiwa nimevaa viatu vya kwenda kazini. Wakacheka sana, wakadhani mama huyu ni mtani. Basi ngoja niandike, maana siku nyingine wakiniuliza nitawapa karatasi nami niendelee kunywa.

Rubisi, bia yetu ya ndizi ya enzi zile, haikuwa na lebo, ilikuwa na mwenyewe. Ukipewa kibuyu ulijua kimetoka kwa nani kabla hujaambiwa, kwa sababu huyu aliunguza mtama wake, yule alizidisha maji, na mwingine alikuwa mtu wa haraka hata na ndizi. Ya baba yangu ilianza na utamu, ikamalizia na ukali, halafu ikakuacha unataka kusema ukweli. Jumapili baada ya misa wanaume walikaa mbele ya nyumba yetu, kila mmoja na endeku yake, kile kibuyu cha shingo ndefu. Wanawake walikaa nyuma upande wa jikoni na kibuyu kimoja kikubwa cha kuzungusha, ambacho, sina sababu ya kuficha, ndicho kilichokuwa kikiisha kwanza. Nilipewa funda langu la kwanza siku niliyorudi na cheti cha ualimu. Baba alikileta kibuyu jikoni kwa mkono wake mwenyewe. "Sasa wewe ni mtumishi wa serikali," alisema. "Unaruhusiwa kulewa kwa adabu."

Nilikunywa, na nikajua kwamba nimekuwa mtu mzima. Sijawahi kunywa kitu kilichonifurahisha kiasi kile tena, na nimejaribu.

Kupika rubisi kwetu ni kazi ya wanaume. Ndizi za pombe, embire, zinaivishwa shimoni kwa siku kadhaa zikipulizwa moshi. Zikishaiva zinamenywa, zinamwagwa ndani ya obwato, gogo kubwa lililochongwa kama mtumbwi, zinachanganywa na nyasi, na wanaume wananawa miguu na kuzikanyaga mpaka maji yake yatoke. Maji hayo yanachujwa, yanaongezwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yanafunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa yachache. Mwanamke hakanyagi. Mwanamke haruki obwato, wala hafunui majani. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa rubisi itaharibika. Ukiuliza itaharibikaje, unaambiwa nenda kamenye ndizi. Mimi nilimenya ndizi nyingi sana maishani kwa sababu ya maswali.

Lakini kukanyaga si kazi ngumu, hata ng'ombe angeweza. Kazi ngumu ni kujua. Kujua shimo lifukuliwe lini, na majani yafunuliwe lini. Ukiwahi unakunywa maji ya ndizi, ukichelewa unakunywa siki. Baba hakuwa na kipimo wala hakutazama saa. Aliinua jani moja, akaingiza uso, akavuta pumzi, akasema "bado" au "sasa". Na siku ya kunywa, kabla mgeni yeyote hajaonja, mpishi ndiye aliyekunywa kwanza mbele ya watu na kusema, "Ni nzuri." Hapo alikuwa anajiapia. Akisema ni nzuri nawe ukaikuta mbaya, hukurudi tena kwake, na watoto wako hawakurudi.

Mama yangu alishafariki. Mimi nilikuwa nimeolewa kijiji kile kile, mwendo wa dakika kumi kutoka kwa baba, na mume wangu alikuwa fundi wa injini za mitumbwi kisiwani Goziba. Alikuja mara moja kwa mwezi akinuka petroli na dagaa, akalala siku tatu, akaondoka. Hatukuwa na mtoto. Mwaka wa tano wa ndoa ulikuwa unaisha, na watu walikuwa wameshaacha kuniuliza, jambo ambalo liliniuma zaidi kuliko walipokuwa wakiuliza. Kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kupita kwa baba kila asubuhi nikienda shule na kila jioni nikirudi.

Masika moja baba alipata mafua makali, akalala wiki nzima, akapona. Siku chache baadaye nilikuta harufu ya maharage yaliyoungua tangu barabarani. Nikakimbia. Baba alikuwa amekaa jikoni, hatua mbili kutoka kwenye sufuria, anachambua kahawa yake, ametulia kabisa.

"Tata, maharage!"

"Yana nini?"

Tukatazamana. Nikachukua chupa ya mafuta ya taa, nikaifungua, nikamsogezea puani. Hakurudi nyuma. Aliniangalia tu kwa macho ya mtu aliyekamatwa.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu mafua. Usimwambie mtu, hata mdogo wako." Akarudi kwenye kahawa yake. "Wakijua, watakunywa kwa kunihurumia. Rubisi ya huruma hainyweki."

Niliumia sana, kwa sababu baba yangu hakuwa na kitu kingine cha kujivunia. Kibanja chake kilikuwa cha kawaida, nyumba yake ilikuwa ya kawaida, na kanisani aliimba vibaya. Ila rubisi yake ilikuwa ikiombwa hadi Kemondo. Nilimwambia, "Mimi nina pua." Akaniambia mwanamke hafunui. Nikamwambia sitafunua. Utafunua wewe.

Tulifanya hivi. Banda lake la kupikia lilikuwa na ukuta wa majani makavu ya mgomba, na njia yangu ya kwenda shule ilipita nyuma yake. Asubuhi nilisimama pale, nikainama kama ninayefunga kiatu. Yeye akiwa ndani aliinua jani la kufunikia na kulipepea kuelekea ukutani. Nilivuta harufu. Kisha nikamwamkia kwa sauti ya kawaida na kuongeza neno moja la shule. Nikisema, "Tata, leo wanafunzi wana mtihani," maana yake bado, iache. Nikisema, "Tata, leo tunafunga shule," maana yake funua. Na kama imeharibika ningesema, "Tata, leo mwalimu mkuu amekasirika."

Ilikuwa inafanya kazi vizuri mno. Tatizo pekee lilikuwa jirani yetu wa upande wa chini, mama mmoja mwenye masikio mapana, ambaye siku mbili alimbakiza mwanawe nyumbani kwa kuwa alinisikia nikisema tunafunga shule. Alikuja kunilalamikia kwamba mimi ni mwalimu wa ajabu, nafunga shule peke yangu. Nikamwomba radhi kwa uso mkavu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata zilikuwa mbili tu, mimi na baba.

Miaka miwili tulikwenda hivyo, na niseme bila aibu kwamba rubisi ya baba ilizidi kuwa nzuri. Pua yangu ilikuwa bora kuliko yake ya zamani. Yeye alikuwa na tabia ya kuwahi kidogo, mimi nilikuwa nasubiri. Wazee walianza kusema kadiri anavyozeeka ndivyo mkono wake unavyokomaa. Baba alikunywa kwanza mbele yao, akasema, "Ni nzuri," na mimi jikoni nikatabasamu na kibuyu cha wanawake mikononi. Ningeweza kuishi hivyo hadi leo.

Halafu mdogo wangu akataka kuoa.

Huyu ndiye kitinda mimba wetu, dereva wa lori la mizigo pale bandarini Kemondo, kijana mpole asiyejua kuongea na wakubwa. Msichana alikuwa wa Izimbya, na walipendana kweli. Mdogo wangu ndiye aliyeniambia, akiwa amekodoa macho, kwamba akikataliwa hataoa tena. Kwetu posa haianzi bila rubisi. Si rubisi ya kununua, ni rubisi iliyopikwa nyumbani kwa muoaji, kwa sababu wakwe wanataka kuonja nyumba binti yao anakokwenda. Na baba wa msichana alikuwa mpishi mwenye jina. Ilijulikana kwamba kabla yetu alikuja mposaji mwingine na rubisi ya kuazima, mzee akaonja, akamtajia aliyeipika, akamwambia, "Basi na aje yeye aoe." Akawarudisha na vibuyu vyao.

Alituma ujumbe mfupi: tuje Jumamosi, na rubisi ya mikono yetu.

Baba alijiandaa kama mtu anayekwenda kuhukumiwa. Alichagua embire mkungu kwa mkungu. Alhamisi wakakanyaga yeye na mdogo wangu, wakachuja, wakaweka mtama, wakafunika. Jioni baba aliniambia, "Kesho usichelewe." Sikulala vizuri. Nilikuwa na uchovu wa siku nyingi ambao niliuweka kwenye hesabu ya kusahihisha madaftari.

Ijumaa asubuhi nilisimama nyuma ya ukuta, nikainama, baba akapepea jani. Mungu wangu! Ilinipiga harufu mbaya ambayo sijawahi kuikuta kwenye ndizi. Ilikuwa kama siki iliyochanganywa na panya aliyekufa. Nikajishika mdomo. Nikaomba apepee tena, akapepea, nikahisi tumbo linapanda kooni. Pale pale nilijua kwamba obwato haukuoshwa vizuri, au nyasi zilikuwa na uchafu, na kwamba posa ya mdogo wangu imekwisha.

"Tata, leo mwalimu mkuu amekasirika."

Jani likaacha kupepea. Kisha akauliza polepole, "Amekasirika kabisa?"

"Kabisa, Tata. Sijawahi kumwona hivi."

Baba hakubishana. Hilo ndilo linalonisumbua nikikumbuka, jinsi alivyoniamini. Hakuonja, maana kwake kuonja hakukuwa na maana tena, kila kitu kilikuwa kitamu au kichachu basi. Alimwita mdogo wangu, wakashika gogo huku na huku, wakalisukuma hadi kwenye migomba na kulipindua. Nilisimama barabarani nikisikia rubisi yote ya posa ikienda ardhini. Mdogo wangu alikaa chini, akaweka kichwa magotini.

Yule jirani alikuwa anapita na jembe begani. Akasimama, akainua pua juu kama mbwa wa kuwinda.

"Mawe, mama yangu! Mbona mnamwagilia migomba kitu kizuri hivi?" Akachovya kidole kwenye yaliyobaki ndani ya gogo, akalamba. Akachovya tena. "Jamani waitu, hii ni bora kuliko ya Pasaka! Mmerogwa?"

Mdogo wangu akainua kichwa. Naye akachovya, akalamba, akamtazama baba, akanitazama mimi. Nikasogea na kunusa. Bado panya. Nikamsogelea jirani, naye akanuka vibaya. Jembe lake lilinuka vibaya. Udongo wenyewe ulinuka. Nikarudi nyuma hadi kwenye mti wa kahawa, nikatapika mbele yao wote.

Jirani ndiye aliyenitazama kwanza kwa jicho la tofauti. Ana masikio mapana, lakini na macho anayo pia. "Mwalimu," alisema, "usiende shule leo. Pitia zahanati."

Nilikwenda. Muuguzi alipima, akanionyesha kipimo, akanionyesha tena kwa kuwa nilikuwa namtazama tu. Miaka saba! Nilitoka pale nikikimbia na kutembea, nikilia na kucheka, na katikati ya furaha yote hiyo nikakumbuka obwato uliopinduliwa, nikasimama barabarani. Nilikuwa nimemwaga ndoa ya mdogo wangu kwa sababu ya mtoto wangu. Na maji yakimwagika hayazoleki.

Nilimkuta baba amekaa kwenye gogo lenyewe. Nilipiga magoti, nikamwambia.

"Kwa hiyo ilikuwa nzuri?" akauliza.

"Ilikuwa nzuri, Tata. Pua yangu ndiyo iliyoharibika."

"Nzuri kiasi gani?"

"Jirani amesema kuliko ya Pasaka."

Akatikisa kichwa kwa uchungu wa fundi, kisha ghafla uso ukamfunguka, akavua kofia, akaniwekea mkono kichwani kama anayenibariki. "Nimewahi kumwaga kwa sababu mbaya zaidi," alisema. Nikamwona anafuta macho kwa ile kofia.

Mdogo wangu hakuwa na nafasi ya kufurahi. Ndipo alipoambiwa habari ya pua, na alikasirika, na haki alikuwa nayo. Kisha akaanza kutafuta njia. Tuchukue rubisi kwa jirani. Tuseme baba anaumwa. Tupige simu tuahirishe. Baba alikataa moja moja. Ya kuazima mzee ataijua, kama alivyoijua ya yule wa kwanza. Na kuahirisha posa siku moja kabla, wakati wazee wao wameshaitwa, ni kuwaambia watu waanze kuchunguza ukoo wenu una nini.

"Tutakwenda na kibuyu kitupu," baba alisema.

"Tata, watatufukuza!"

"Wakitufukuza, watufukuze kwa ukweli. Njia ya mwongo ni fupi, na Izimbya ni mbali."

Nilijua anachokwenda kufanya, nikamsihi asifanye. Nilimwambia atalipoteza jina lake lote. Alinijibu kwamba jina hilo kwa miaka miwili lilikuwa nusu langu, na kwamba amechoka kusifiwa kwa pua ya mtu mwingine. Sikujua kwamba lilikuwa likimchosha. Mimi nilidhani namsaidia tu.

Jumamosi tukafika Izimbya. Nyumba ilikuwa imetandikwa nyasi mpya, wazee wao wamekaa kwa mstari. Tulipewa akamwani, ile kahawa kavu ya kutafuna ambayo mgeni hukaribishwa nayo, na mimi nikaishika mkononi bila kuitia mdomoni. Nilikaa mkekani pamoja na wanawake. Baba wa msichana alikuwa mzee mfupi, mkavu, mwenye mikono mipana. Macho yake hayakutoka kwenye kibuyu tangu tulipoingia. Naye alijua, kwa namna mdogo wangu alivyokibeba, kwamba ni chepesi.

Kwa desturi ni msemaji wetu ambaye angeongea. Baba alimwomba akae, akasimama yeye mwenyewe, akakiinamisha kibuyu mbele ya watu. Halikutoka tone. Watu wakaguna.

"Waitu," alisema baba, "mlituambia tuje na rubisi ya mikono yetu. Mikono ipo. Pua ndiyo hakuna. Pua yangu ilikufa miaka miwili iliyopita na mafua. Rubisi mnayosikia ikisifiwa, mimi nilikuwa nakanyaga, na huyu binti yangu ndiye aliyekuwa ananiambia lini nifunue. Jana ameniambia imeoza, nikaimwaga yote. Haikuwa imeoza. Ni yeye aliyekuwa mjamzito bila kujua. Basi. Kijana wangu hana kosa. Mkitaka kumkataa mtu, mnikatae mimi."

Akakaa. Hakuna aliyetafuna kahawa tena. Mdogo wangu alikuwa ameinama hadi shingo inaonekana kama ya kondoo. Kwangu mimi aibu ilikuwa imepita, kilichobaki kilikuwa fahari. Nilitaka kusimama niwaambie wale wazee wamtazame vizuri mtu huyo, maana hawataona wengi.

Mzee wa Izimbya alinyanyuka, akaingia ndani, akarudi na kibuyu chake. Akanywa kwanza, kama mpishi anavyotakiwa. Akampa baba. Baba akanywa, watu wakamsubiri aseme.

"Mimi sijui," baba alisema. "Ni tamu na ni kali. Zaidi ya hapo, mwulizeni huyo."

Mzee akageuka. Akakipitisha kibuyu juu ya vichwa vya wanaume, akakileta hadi mkekani, akanishikisha. "Usinywe, una mgeni," alisema. "Nusa tu. Useme ukweli kama baba yako."

Nikainusa. Alikuwa panya yule yule. Panya wa Muleba amefika Izimbya! Wote wananitazama, mdogo wangu amefumba macho, na mbele yangu yupo mtu aliyemfukuza mposaji kwa funda moja, ananiuliza habari ya rubisi yake mwenyewe, nyumbani kwake, mbele ya ndugu zake. Nikasema lililokuwepo.

"Waitu, inanuka vibaya sana."

Mwanamke mmoja pembeni yangu alivuta pumzi.

"Inanuka vibaya sawasawa na ile ya baba yangu aliyoimwaga jana," nikaendelea. "Na hiyo walioionja wanasema haijawahi kupikwa nzuri kama ile. Kwa hiyo na yako lazima iwe nzuri mno. Ingekuwa mbaya, pengine ningeipenda."

Mzee alinikazia macho. Kisha bega moja likaanza kumtikisika, halafu la pili, na alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi, akijipigapiga goti, na wazee wengine wakamfuata, na hata mdogo wangu akafumbua macho. Alipopata pumzi alimwambia baba, "Wiki mbili. Mrudi na rubisi ya mikono yenu."

Mdogo wangu akasahau upole wake. "Mzee wangu, na nani atanusa? Huyu hafai tena mpaka ajifungue."

"Hilo si lako," alisema mzee.

Wiki mbili zikapita. Alhamisi baba akakanyaga. Ijumaa asubuhi, nilipopita kwa baba nikienda shule, pikipiki ikasimama mbele ya nyumba ya baba, na mzee wa Izimbya akashuka, amejifunika koti, vumbi hadi kwenye nyusi. Hakutaka chai. Aliingia bandani, akavuta kigoda, akakaa pembeni ya obwato na baba. Walikaa humo asubuhi yote, wanaume wawili wazee, wakiongea habari za mtama na moshi, na kila baada ya muda yule mgeni aliinua jani, akanusa, akalirudisha. Niliporudi mchana walikuwa bado wamo. Mwishowe nikamsikia akisema, "Sasa." Baba akafunua. Mzee akapanda pikipiki yake, akarudi kwake kwenda kutusubiri.

Kesho yake tulikwenda, vibuyu vizito. Baba akanywa kwanza, akasema, "Ni nzuri." Mzee akapokea kwa mikono miwili, akanusa kwa muda mrefu kama mtu ambaye hajawahi kukutana na rubisi ile maishani mwake, akanywa, akafuta midomo.

"Hii imepikwa na nani?" aliuliza mbele ya wote.

"Na mimi," alisema baba.

"Peke yako?"

Baba alisita. Mzee akamkazia macho, hakumsaidia.

"Na mkwe wangu," baba alisema, akimwonyesha mzee mwenyewe kwa mkono.

"Basi mchukueni binti," alisema mzee, akampa kibuyu anywe tena. Mimi nililia pale pale mkekani, na safari hii sikuisingizia mimba.